Kengele ya Maksai wa Kasyoka

Siku Mbaluka alipokuja Zombe kumpiga mamake picha, tulikuwa uani tunapura mbaazi. Shangazi yangu Kasyoka alichekacheka kama msichana kwa sababu mwanawe ametoka mjini Sultan Hamud bila kuitwa. Tangu binamu yangu huyo afungue kibanda cha kutengeneza simu kule, nyumbani alikuja kwa mazishi tu.

"Mum, shika kitambulisho karibu na uso," akasema. "Ni ya mbolea ya serikali."

Shangazi akajipangusa jasho kwa leso, akatabasamu. Hakuna mkulima wa huku ambaye hajaandikishwa kwa mbolea. Nani angeshuku?

Mbolea haikuja. Picha ile ilifungua akaunti katika kasino moja ya mtandaoni, zile zinazochezwa kwa sarafu za kripto. Mteja mpya alipewa bonasi, na Mbaluka alikuwa ameshamaliza bonasi za jina lake mwenyewe. Magurudumu ya sloti, yale yenye matunda na kengele, yakaimeza ya mamake pia. Akataka kuirudisha. Shangazi alipokwenda Mwingi kumuuguza dadake, Mbaluka akaja akawauza maksai wawili wa mamake, wale wa kulimia, kwa Munyao, mchinjaji wa hapa sokoni. Munyao aliwajua vizuri ng'ombe wale, maana hata shamba lake lililimwa nao. Alijua ni mali ya mjane. Alinunua, akanyamaza, akachinja.

Pesa zote Mbaluka akazitia kwenye kasino, na haukupita muda ikafungwa. Tovuti ikawa haifunguki, na wenyewe wakapotea na kila kitu.

Mvua ya Novemba ilipoanza, shangazi, ambaye sasa alishaambiwa yote, alilima kwa jembe. Mwanamke wa umri ule! Alianguka hata robo ya shamba hajafika, na ni mimi niliyembeba hadi kitandani. Akaninong'oneza nimpigie Mbaluka. Nikamshikia simu mdomoni.

"Ulilisha hiyo kitu jina yangu," alimwambia. "Sasa itakulisha udongo yangu. Na shamba italimwa."

Huku kwetu hiyo huitwa kiumo, laana ya mzazi, na dawa yake ni moja. Unakuja mwenyewe, unapiga magoti, mzazi anakutemea mate ya baraka kifuani. Lazima awe hai. Mbaluka alijua hayo yote. Alituma ujumbe, "Pole mum," na kredo kidogo ya simu. Yaani alidhani kiumo hutolewa kwa kredo! Shangazi akafa akimngoja.

Kwenye mazishi Mbaluka alisimama kando akitazama simu. Nilimsogelea nimtukane, nikaona kioo. Kasino ile iliyokufa ilikuwa wazi. *Karibu tena, Kasyoka. Una mizunguko ya bure.*

"Nimetoa laini, Mutindi," akaninong'oneza. "Bado inacheza."

Magurudumu yalizunguka yenyewe. Hayakuwa na matunda. Ng'ombe. Ng'ombe. Jembe. Kisha kengele ikalia, na haikuwa ya simu. Ilikuwa kengele ya bati iliyopasuka, ile ya maksai wa shangazi. Waliobeba jeneza waligeuka wote kutazama zizi. Zizi lilikuwa tupu.

Mbaluka akakohoa. Akatema udongo mwekundu.

Tangu siku hiyo kila kengele ilipolia alishinda, na kila aliposhinda mdomo ulijaa. Aliitupa simu chooni. Ikalia mfukoni mwake. Mchana mmoja alinijia mlangoni, midomo imepasuka, tumbo limevimba.

"Niombee kwake," akasema. "Wewe alikupenda."

"Kaburi ndilo lile. Kamwombe mwenyewe."

Nikafunga mlango. Huruma sikuwa nayo, na sitajifanya nilikuwa nayo. Dirishani nilimwona akipiga magoti, amefungua vifungo vya shati, kifua wazi, akingoja mate ya mtu aliye chini ya ardhi. Kengele ikalia. Safari hii ilitoka shambani. Akainuka. Akaenda. Hakugeuka.

Asubuhi shamba lote lilikuwa limelimwa, mitaro imenyooka vile shangazi alivyopenda. Mbaluka alilala mwisho wa mtaro wa mwisho. Alikuwa hai. Hakusema neno, na mpaka leo hasemi. Shingo yake ilikuwa imechubuka kwa upana wa nira. Nyayo zake zilifuata upande mmoja wa kila mtaro. Upande wa pili hapakuwa na alama yoyote. Nyuma yake kulikuwa na nyayo ndogo za miguu mitupu, na mguu wa kushoto haukuwa na kidole cha mwisho. Plau ilimkata shangazi kidole hicho zamani, mimi nikiwa mtoto.

Kilichonisumbua ni ule upande wa pili. Nira ni ya wawili, hata mtoto wa huku anajua. Nilijiuliza mwaka mzima.

Juzi, mawingu yameanza kukusanyika, Munyao aliingia dukani kwangu na simu mkononi.

"Mutindi, wewe unaelewa hizi vitu. Inasema Mbaluka amenialika. Ati nikikubali, tunapata bonasi sisi wawili. Si huyo hata haongei siku hizi? Nibonyeze?"

Kwa mbali, upande wa shamba la shangazi, nilisikia kengele ile ya bati iliyopasuka ikigongwa polepole. Yeye hakusikia. Nikamkumbuka shangazi alivyoinama na jembe mvuani, na Munyao akipita barabarani bila kumsalimia.

"Bonyeza," nikamwambia.

Akabonyeza. Akanishukuru sana. Alipofika mlangoni alikohoa, akarudi, akashika kaunta kwa mikono miwili kama mtu aliyelemewa na mzigo wa mabegani. Kisha akaenda, na hakuelekea kwake.

Udongo mwekundu aliouacha juu ya kaunta bado upo. Wateja wananiuliza kwa nini siufuti.