Kisu cha Shoto Kimewekwa Sokoni

Nilisukuma mlango wa saluni... na mbele yangu, kwenye kiti cha wateja, alikuwa amekaa Baba Mdogo.

Mkononi ameshika kisu cha kaka yangu.

Kaka yangu aliyekufa maji!

"Baba Mdogo?!"

Alishtuka kama mtu aliyemwagiwa ndoo ya maji.

"Wewe... umefuata nini huku?"

"Wewe je?"

Jamani, ngojeni niwarudishe nyuma kidogo, la sivyo hamtanielewa.

Mimi ni fundi makochi. Karakana ni ya marehemu baba, lakini aliyenifundisha kushika nyundo ni Baba Mdogo, mdogo wake. Baba alipofariki, huyu ndiye aliyetulea: mama, mimi, na kaka yangu wa pekee tuliyemwita Shoto, kwa sababu kila kitu alikifanya kwa mkono wa kushoto. Chakula, ada, dawa za mama, vyote vilitoka kwa Baba Mdogo.

Nilimpenda mtu yule. Msinihukumu.

Siku moja yeye na Shoto walipakia makochi kwenye lori, wakaenda kumpelekea mteja mji wa mbali. Akarudi peke yake, suruali imejaa tope.

"Shoto kachukuliwa na maji. Alishuka kunawa mtoni, akateleza. Tumetafuta wee... hakuna."

Tukaweka msiba bila mwili.

Mama hakuwa yule tena. Anakula huku sikio liko mlangoni. Kikigonga kitu, hata kama ni upepo tu, anainuka. "Shoto?"

Na mimi nina jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Nikibaki peke yangu karakana, mchana kweupe, nasikia chuma kinanolewa kwenye sementi. Kwaru... kwaru... Nikigeuka, hakuna mtu.

Shoto alikuwa na kisu cha kukunja alichoachiwa na baba. Na kunoa alikuwa hajui! Alinolea kizingiti cha mlango, upande mmoja tu, mpaka chuma kikaliwa katikati. Makali yenyewe hayakati hata uzi. Tulimcheka mpaka tukachoka, ila yeye na kisu chake, kisu chake na yeye. Siku aliyopotea kilikuwa mfukoni mwake.

Miaka ikapita, mama akafariki akisubiri. Sasa juzijuzi niko kwenye lile kundi la mtandaoni la kuuziana vitu vilivyotumika, natafuta cherehani. Nikaona picha.

"Kisu cha kukunja, cha zamani. Kimechakaa, kimenolewa vibaya, ncha imevunjika. Anayekitaka aje mwenyewe."

Watu walicheka kwenye komenti, acha tu.

"Dada, hicho wape wa vyuma chakavu!"

"Hicho hata siagi kinaiomba ruhusa!"

Mimi simu ilinitoka mkononi. Mpini ulikuwa umezungushiwa ngozi nyekundu ya kochi. Ile ngozi niliifunga mimi, kwa mkono wangu huu!

Komenti moja tu haikuwa ya utani. Akaunti haina hata picha. "Nakichukua kwa bei yoyote. Futa hili tangazo."

Nikajisemea, huyu muuzaji ndiye aliyemuua kaka yangu. Nikamwandikia, akanielekeza kwenye saluni yake. Sikumuaga mtu. Nikatia nyundo kwenye mkoba, nikaenda.

Ndipo nikamkuta Baba Mdogo.

Mwenye saluni alikuwa mwanamke wa makamo, kitambaa cheusi kichwani. Akakichukua kisu mkononi mwa Baba Mdogo, akafunga mlango kwa ufunguo.

"Wengine wote wamecheka. Nyinyi wawili tu ndio mliokitaka, nikawaita pamoja makusudi. Nina swali moja. Ncha yake ilivunjikia wapi?"

Baba Mdogo akakohoa. "Mama, mimi nakusanya vitu vya kale tu..."

"Na wewe, dada?"

Nikakitazama kile kisu.

"Kwenye komeo la choo cha kwetu. Nilikuwa mtoto, nikajifungia, nikashindwa kutoka. Nililia mpaka sauti ikaisha. Kaka akapenyeza kisu, akalibandua komeo. Ncha ikabaki mle mle."

Yule mwanamke akaanza kulia. Akanishika mikono yote miwili.

"Wifi yangu... umechelewa. Nimemzika majuzi tu. Mapafu."

"Umemzika nani?!"

"Shoto. Mume wangu."

Nikakaa chini, pale pale kwenye nywele zilizokatwa.

"Kisu hakiuzwi," akasema. "Alikataa kabisa kunitajia kwao. 'Walishanikana, usiwatafute.' Lakini hadithi ya choo alinisimulia kila akikikunjua, anacheka peke yake. Nikajua kuna dada mahali. Nikakiweka mtandaoni nikupate."

"Kaka alikufa maji..."

"Hakufa maji. Alifungwa. Baba yake mdogo alimgonga mtu kwa lori, mtu akafa pale pale. Akamwangukia Shoto miguuni: 'Sema ulikuwa unaendesha wewe. Nikifungwa mimi, mama yako na mdogo wako watakula nini?' Akakubali."

Akageuka taratibu.

"Huyo baba mdogo sijawahi kumwona sura. Au ndiye namwona leo?"

Baba Mdogo alikuwa anatazama sakafu.

"Kanusha!" nikapiga kelele. "Baba Mdogo, kanusha basi!"

Hakukanusha.

"Ningesema kafungwa, mama yako angekwenda kumwona. Angeambiwa ukweli. Nikasema maji... Nikadhani nitawaeleza baadaye."

"Alipotoka jela alikuja kwenu," wifi akamwambia. "Ukamkuta getini. Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia... mama yake alikufa kwa aibu. Na dada yake hataki hata kumwona."

Hapo ndipo nilipoikumbuka jioni ile. Mama alitoka mbio uani, hana viatu, anasema kasikia sauti ya Shoto nje. Baba Mdogo akamshika bega, akamrudisha ndani. Tukampeleka hospitali, tukisema amechanganyikiwa. Akapewa vidonge vya kumtuliza, akavimeza mpaka anaingia kaburini.

Jamani... mama alikuwa mzima kuliko sisi sote!

"Ulikuwa unamsikia akimwita mwanawe?" nikamuuliza.

"Nilikuwa namsikia."

Sitawaficha. Mkono wangu uliingia kwenye mkoba, ukaishika nyundo. Wifi akaniwahi.

"Mwache akaseme! Akifa leo, Shoto atabaki muuaji milele."

Nikaiachia.

Tulimpeleka polisi wenyewe, yeye katikati, sisi huku na huku. Alieleza yote kwa mdomo wake, wakamweka ndani. Shangazi zangu wananipigia simu mpaka leo: "Unamtupaje mtu aliyekulisha?" Nawaambia, kwa kweli alinilisha. Na kila tonge lilikuwa maisha ya kaka yangu.

Likabaki jambo moja. Mimi na wifi tukaenda nyumbani kwa yule aliyegongwa. Mama yake yu hai, mzee sana, tukamkuta kibarazani anachambua mchele. Nikamweleza kila kitu. Akaacha ungo.

"Yule kijana wa mkono wa kushoto?"

"Bibi, unamjua?"

"Alipotoka jela alikuwa anakuja hapa. Anapiga magoti pale, ulipokaa wewe. Hana neno lingine: 'Nisamehe, mama.' Nikamfukuza. Akarudi. Nikammwagia maji machafu. Akarudi."

Wifi akaziba mdomo kwa mkono. Hakuwa anajua hata kidogo.

"Mara ya mwisho alikuja anakohoa," bibi akaendelea. "Nikamwambia, kufa kama alivyokufa mwanangu."

Akanishika mkono.

"Mjukuu wangu... sasa mimi nimwombe nani msamaha?"

Nikauokota ungo, nikamalizia kumchambulia mchele.

Wewe unayesoma, kama kuna mtu anatembea na lawama yako mgongoni, mfuate. Mtue angali anasikia.