Piki Inayoongea

Kitu cha kwanza kilichomshangaza Brightson ni joto. Piki zote za kupigia gita alizozijaribu pale Mwenge, kwenye kibanda cha Twaha mchongaji, zilikuwa baridi kama kawaida ya vitu vilivyokaa kivulini. Hii moja ilikuwa na joto, kama imetoka mkononi mwa mtu sasa hivi.

"Jua hilo," Twaha alisema, ingawa jua lilikuwa halijafika kibandani mwake tangu asubuhi.

Brightson hakubishana. Alikuwa mpiga gita wa kanisani na kwenye sherehe za send-off, na miaka yote alipigia kipande cha kadi ya benki alichokikata kwa mkasi. Siku chache nyuma, mtu wa studio moja ya Kinondoni alimwambia mbele za wenzake kwamba gita lake linalia kama bati linalokwaruzwa. Maneno hayo yalimkaa rohoni. Mwanamume akishaguswa kwenye fani yake, usimtafutie akili tena. Akajiapiza kwamba harudi nyumbani Manzese bila piki ya watu wazima.

Twaha alikuwa amempangia piki kwenye kitambaa. Ya mpingo ilitoa sauti nene, ila nzito mkononi. Ya kifuu cha nazi ilikuwa na sauti tamu lakini ncha yake ilianza kumeguka pale pale. Ya pembe ya ng'ombe ndiyo ilikuwa piki hasa: ngumu kiasi, kingo zimelainishwa kwa msasa, inateleza juu ya waya bila kukwaruza. Mtu mwenye akili zake timamu angelipa akaenda zake. Brightson aliisifu, halafu akauliza kama hakuna nyingine.

"Ipo," Twaha alijibu bila furaha. "Ila niambie kwanza, braza. Unataka inayolia au inayoongea?"

Wapiga gita wakimsifu mwenzao humwambia gita lake linaongea. Hakuna sifa inayopita hiyo. Brightson akacheka. "Inayoongea, kaka! Nani asiyetaka?"

Ndipo Twaha alipofungua kiberiti na kuitoa ile yenye joto. Ilikuwa na rangi ya asali, imepinda kidogo, na mstari mweusi katikati.

"Hii nini? Gamba la kasa?"

"Sijui. Sikuichonga mie. Kuna mteja aliileta akaniachia, hata kuaga hakuaga." Twaha alimtazama usoni. "Umechagua mwenyewe, lakini."

Brightson aliipiga kwenye waya mara moja tu, akasisimka mwili mzima. Alilipa bila kuomba apunguziwe.

Alifika nyumbani adhana ya magharibi ikiwa ndiyo kwanza imekwisha. Mkewe, Sekela, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa akisahihisha madaftari kitandani. Binti yao, Lulu, alikuwa uani akiosha vyombo. Brightson alikaa kwenye stuli, akapiga waya wa tatu mara mbili, chini na juu, kuijaribu piki.

Lu, lu.

"Abee, baba!" Mtoto akaja mbio, mikono ina povu.

"Sijakuita, mama."

"Umeniita. Nimekusikia."

Sekela alicheka, na alicheka kwa fahari. Yeye ni mtu wa Tukuyu, na alimlea Lulu kwa mkono wake: mtoto akiitwa haulizi ni nani wala anataka nini, anaitika abee kwanza, kisha anakimbia. Majirani wote walimsifia adabu. Brightson akapiga tena, waya ukaita tena, mtoto akaitika tena, na wote watatu wakacheka mpaka machozi. Ikawa mchezo wa nyumba hiyo. Kila jioni wapangaji walikuja mlangoni kulisikia gita la baba Lulu linavyomwita mwanawe.

Aliyekuwa hacheki ni Bi Hamisa wa nyumba ya pili, Mzaramo wa hapo hapo, ambaye watu walimwita fundi wakiwa na shida, na mchawi shida ikishapita.

"Shikamoo, bibi," Lulu alimwamkia.

"Marahaba, mjukuu wangu." Akamgeukia Brightson, akashusha sauti. "Baba Lulu, gita linamwita mtoto, mtoto anaitika, nawe unacheka? Sie kwetu ukiitwa na usiyemwona, unanyamaza."

"Ni waya tu huo, Bi Hamisa."

"Waya umelijuaje jina la mwanao?"

Brightson alitabasamu kwa heshima, na alipoondoka mama yule, akampigia Lulu tena. Laiti Brightson angeacha gita siku ile!

Chumba kilianza kunuka. Mara udi, mara kitu kama kucha zilizoungua, na harufu ilizidi kila gita lilipotolewa kwenye begi. Sauti ya Lulu ikaanza kukauka. Sekela alimpa tangawizi, akampeleka zahanati, wakamulika koo wakasema ni safi. Mtoto alizidi kuitika, kwa sababu alifundishwa kuitika, na kila abee ilikuwa ndogo kuliko iliyotangulia.

Jumapili moja, kanisa limejaa na jua linawaka madirishani, watoto walisimama mbele kuimba na Brightson akaanza kuwapigia, na katikati ya wimbo aliona mdomo wa Lulu unafunguka na kufumba pamoja na wenzake huku mishipa ya shingo imemtoka na machozi yanamshuka, hakuna sauti, na vidole vya Brightson vikateleza kwa hofu vikagonga waya wa tatu, chini na juu, na kutoka kwenye tundu la gita, waziwazi, mbele ya mchungaji na kwaya na akina mama wa mstari wa kwanza, mtoto wake akaitika: "Abee, baba."

Mchungaji aliomba siku hiyo mpaka shati likamlowa. Lulu alibaki bubu. Sekela, ambaye hakuwahi kukanyaga kwa fundi maishani mwake, alikwenda mwenyewe kumwita Bi Hamisa, miguu peku.

Bi Hamisa alifukiza ubani mbele ya gita, akajifunika kaniki. "Nani mwenzetu?" alilinong'onezea gita. "Piga, baba Lulu."

Brightson alipiga. Nyuzi zikaongea kwa sauti iliyokuwa yake yeye Brightson, ile ile aliyomwitia mwanawe.

"Niliita. Nikaitikiwa."

"Mrudishie mtoto sauti yake," Bi Hamisa aliamuru.

Mkono wa Brightson ulipiga bila yeye kutaka, na nyuzi zikajibu polepole, bila hasira, kwamba aliyemo humo hakuiba chochote katika nyumba hiyo, hakuvunja mlango wala kuruka dirisha, bali mtoto mwenyewe ndiye aliyetoa, kidogo kidogo, kila alipoitika, na baba yake akicheka na kumpigia tena.

Sekela alijiziba mdomo kwa kanga. Bi Hamisa alimwagia makaa maji.

"Angeingia kwa nguvu ningemtoa," alisema, na hakuthubutu kuwatazama. "Huyu ameitikiwa. Siwezi. Hicho kidude cha kupigia msikitupe wala msikivunje. Sauti ya mtoto imo humo."

Basi hawakuitupa. Jioni Sekela alikaa ukingoni mwa kitanda na kusema, "Mwite," na Brightson alipiga waya wa tatu chini na juu, na sauti ya Lulu ikaitika: "Abee, baba. Abee, mama." Sekela alilia, na mtoto mwenyewe alikaa sakafuni akijisikiliza. Hayo ndiyo yaliyobaki ya mazungumzo yao.

Lakini hakuna piki isiyolika. Brightson aliyajua hayo kuliko mtu yeyote. Ncha ilianza kuwa butu, kisha ukingo ukapungua, kisha akawa anaishika kwa ncha za vidole tu, na sauti ya Lulu ikapungua pamoja nayo. Alitaka kuificha ili ibaki japo kidogo. Sekela alimwambia, "Ukiificha, nitakufa." Akampigia.

Siku piki ilipokuwa imebaki kama punje ya mchele, Lulu alikuja mwenyewe kabla ya jua kuzama, akasimama mbele ya stuli ya baba yake. Mkono mmoja ulikuwa umeshika wembe. Mwingine ulikuwa umefichwa mgongoni, kama alivyouficha wiki nzima, wakidhani ni kidonda.

Aliutoa. Ukucha wa dole gumba ulikuwa umeota mrefu na mnene, rangi ya asali, umepinda kidogo, na mstari mweusi katikati.

Brightson aliugusa. Ulikuwa na joto.

Sekela aliuona pia. Aliinuka, akafunga mlango, akarudi kukaa ukingoni mwa kitanda na kukunja mikono mapajani.

"Baba Lulu," alisema kwa sauti ya chini, "kata. Nataka kumsikia."

Lulu alimkabidhi baba yake wembe kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa.