Mfuko wa Kilo Tatu na Nusu

Jumatatu mfuko wa mchele ulikuwa na kilo tatu na nusu. Ijumaa ulikuwa na kilo tatu na gramu mia tisa.

Fundi mizani aliupima mara tatu, akabadilisha mizani, akaupima tena. Hakuwa mtu wa kubahatisha. Kazi yake ilikuwa kutengeneza mizani za maduka, na alijulikana kwa kumwambia mwenye duka mbele ya wateja wake kwamba kilo yake ni pungufu. Akakagua mshono. Haukuguswa. Akatia mkono ndani. Mchele ulikuwa mkavu, lakini ulikuwa na joto.

"Umeongeza mchele humu?"

"Niongeze wa nini?" mkewe akajibu akiwa dirishani, bila hata kugeuka.

Mkewe alikuwa na mimba ya miezi minane. Mbili za kwanza zilitoka, na tangu ile ya pili mwanamke yule aliishi kama mtu aliyepanga foleni asiyojua ni ya nini. Ukimpa chai, anakunywa. Usipompa, haulizi. Alipoulizwa mtoto anunuliwe nini, alisema, "Chochote."

Neno hilo lilimuudhi mumewe kuliko tusi. Wafanyabiashara wanampenda sana mteja wa chochote. Watamuuzia kipasha chupa, taa inayoimba, viatu vya mtoto asiyejua hata kukaa. Basi akaenda kwa mwenye duka mmoja aliyemtengenezea mizani, akamwomba vitu vya kujaribu kwa wiki mbili: kitanda chenye vizuizi, kiti cha kubembea, kigari, na beseni lenye mgongo. Kisha akashona mfuko wa kaki, akaujaza mchele kwa uzito wa mtoto aliyezaliwa leo.

"Ufanye kama kweli," alimwambia mkewe. "Kisichofaa kinarudi dukani."

Mkewe akafanya kama kweli. Mara nne kwa siku alikuwa akiulaza mfuko, akiunyanyua, akiufunga mkanda, akiushusha kwenye beseni lisilo na maji huku mkono mmoja umeshika shingo ambayo haipo. Kwenye karatasi aliandika: kigari, gurudumu linakwama; kiti, mkanda unabana; kitanda, kizuri. Wifi yake alipokuja kuwatembelea alicheka mpaka akashika ukuta.

"Jamani wifi, huyu si mchele, huyu ni kaka yangu mtupu! Mzito, na ukimsemesha hajibu."

Akauvika kofia ya sufu. Akauita Bwana Mdogo. Jina likashika.

Hapo ndipo walipokosea, na sioni haja ya kuzungukazunguka. Kitu kisicho na mwenyewe unakipa jina, unakilaza, unakiamsha, unakiimbia, halafu unashangaa kimepata mwenyewe.

Jumamosi saa saba mchana, jua limejaa sakafuni, mkewe yuko bafuni, fundi mizani alisikia kiti cha kubembea kikienda chumbani. Kwii. Kwii. Alipofungua mlango kikasimama. Chumba kilinuka maziwa yaliyochacha, na chini ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine, kama ya nywele zilizoungua. Mfuko ulikuwa kitini, mkanda umefungwa, na ile kofia iliyokuwa imelegea siku zote sasa ilikuwa imejaa, imebana, imetuna pale panapotuna kisogo cha mtoto, na taratibu, bila upepo wala mkono wa mtu, ikageuka kumwelekea.

Hakumwambia mkewe. Jumatatu akampeleka kliniki.

"Mtoto hajaongezeka," nesi alisema. "Tena naona kama amepungua. Mama, unakula?"

"Nakula."

"Anacheza?"

"Hapa anacheza. Nyumbani nikimbeba yule, anatulia."

"Yule nani?"

Fundi mizani alijipangusa uso. Uzito anaujua yeye: ukizidi huku, kuna mahali umetoka.

Waliporudi akaubeba mfuko, akaenda kuutupa jalani, mbali, mtaa wa tatu. Akapitia kazini. Jioni aliporudi akamkuta mkewe amekaa kitandani, kanga imejaa takataka za jalani, mfuko uko mapajani.

"Alikuwa analia," mkewe alisema. "Nikamfuata."

Wifi ndiye aliyemleta mganga, mama mmoja mfupi mwenye miwani. Alisimama mlangoni, akanusa.

"Shikamoo, mama," fundi mizani alisema.

"Marahaba. Nani aliyemkaribisha huyu?"

"Hakuna aliyemkaribisha. Tulikuwa tunajaribu vitu vya mtoto."

"Mkimjaribia nani?"

Macho ya wote yakaenda kwenye mfuko.

"Kumchoma hatuwezi," mganga alinong'ona. "Yeye na wa tumboni wanakula sahani moja. Aliyempokea ndiye amkatae. Mwanangu, mtazame usoni, useme: wewe si wangu, sikutaki, toka. Mara tatu. Macho yako yasihame."

Wakauweka mfuko kitini. Mwanamke akasimama mbele yake.

"Wewe si wangu. Sikutaki. Toka."

Kiti kikaanza kubembea.

"Wewe si wangu. Sikutaki. Toka."

Mshono ukaanza kufunguka na kujifunga kama kinywa kinachotafuta titi, na kutoka ndani ikaja sauti nyembamba, si kilio hasa, bali ule mguno wa mtoto anayeanza kuamka na kujua hayuko peke yake, ikapanda, ikazidi, mpaka wifi akaziba masikio, na mwanamke yule, ambaye kwa miezi mingi hakuna kilichomgusa, akashindwa kuendelea kutazama, akainamisha uso.

"Wewe si wangu," alisema. "Sikutaki. Toka."

Mfuko ukapasuka. Mchele ukamwagika sakafuni, mweusi, baridi. Harufu ikakatika. Fundi mizani akauzoa wote, akaupima, akacheka kama kichaa. "Tatu na nusu! Tatu na nusu kamili!"

Mganga hakucheka. Alikuwa anamtazama mwanamke, na tumbo lililokuwa mbele ya macho yake yaliyoinama.

"Mara ya tatu, mwanangu, ulikuwa unamwambia nani?"

Mtoto alizaliwa mzima, wa kiume. Wakanunua kitanda, vingine vikarudi dukani. Alinenepa. Alimchekea baba yake, alimchekea shangazi yake, alimchekea hata muuza maji. Kwa mama yake alinyonya akiwa amefumba macho.

Alipotimiza miezi minne, asubuhi moja mama alikuwa anarudi kutoka uani na nepi zilizokauka. Nyumbani hapakuwa na mtu mwingine. Chumbani mtoto alikuwa anacheka, kile kicheko cha mtoto anayetekenywa.

Akaingia. Kicheko kikakatika, chumba kikabaki na ile harufu ya nywele zilizoungua. Mtoto akageuzia uso ukutani.

Alisimama pale, nepi mkononi, akisubiri kuumia. Hakuumia. Akarudi nyuma hatua moja, nje ya mlango, na ndani kicheko kikaendelea pale kilipoishia.