Mwanamke wa Pili Pichani

Mbele ya sanduku la picha alikuwa mwanamke mmoja. Kwenye bamba la kioo walitokea wawili.

Dardir alilisogeza bamba karibu na taa nyekundu ya chumba cha giza, dawa ikimchuruzika vidoleni. Dada yake Zannuba alionekana amelala juu ya mito, mrija wa kiko mkononi, kama alivyoamriwa. Nyuma ya bega lake alisimama mwingine, nywele zimeungua upande mmoja.

Dardir alijua kosa lilikoanzia. Miaka sita, kila alipomwaga maji ya dawa kwenye shimo la sakafuni, alinong'ona kwanza, "Ruhusa, enyi wenye mahali," ili majini wakaao chini wajitenge, kama mtu yeyote wa Kairo aliyefunzwa na mamaye. Jumatatu, bwana wake, Mzungu Varenne, alichoshwa.

"Unasalimiana na shimo?" Alicheka, akamnyang'anya ndoo, akamwaga maji ya moto na tindikali kwa mkupuo. Chini huko kitu kiliguna. Harufu ya nywele zilizoungua ilipanda, na leo Alhamisi ilikuwa bado ipo.

Mzungu huyo ndiye aliyemtaka Zannuba. Watalii wake walililia picha za wanawake wa Mashariki waliojilaza, basi Dardir amlete dada yake au aache kazi. Zannuba, mjane anayeoka mikate tangu alfajiri, hajawahi kujilaza mchana hata alipojifungua. "Ndivyo mnavyoishi," Varenne alimwambia. Mshenzi yule, Dardir aliwaza, anajua nini?

Dardir alimpelekea bamba. "Bwana, nakusihi, mwache dada yangu aende. Nilimwapia mama nitamlinda."

Varenne alilitazama, uso ukamng'aa. "Ajabu! Siri ya Mashariki yenyewe! Tunapiga tena."

"Kaka, kuna baridi shingoni mwangu," Zannuba alinong'ona.

"Soma Ayatul Kursiyu, dada. Usigeuke."

Zikapigwa picha mbili zaidi. Katika ya kwanza mkono ulioungua ulikuwa umemshika Zannuba shingo. Ya pili Dardir aliiosha peke yake gizani, maji yakidondoka shimoni tone kwa tone, na kila baada ya tone akisikia pumzi ikivutwa chini ya miguu yake, polepole, kama ya mtu anayepanda ngazi, harufu ikizidi mpaka machozi yakamtoka, naye hakuthubutu kugeuka wala kukimbia, hata picha ikajitokeza na ndani yake akabaki mwanamke mmoja tu, Zannuba, anatabasamu.

Alimchukua dada yake mbio hadi kwa Mama Warda, mganga wa kupunga majini. Ubani ulifukizwa, ngoma zikapigwa, Zannuba akatetemeka, akaanguka, akalala. Alipoamka aliomba mkate.

"Katoka," alisema Mama Warda.

Dardir alilia kwa furaha kama mtoto. Asubuhi Zannuba aliwasha jiko akiimba, akamchemshia kaka yake mayai. Kisha akainua sufuria ya maji yanayotokota na kuyamwaga yote kwenye shimo la uani, bila neno.

Dardir aliweka yai chini. "Zannuba, dada yangu. Hukuomba ruhusa."

Alimgeukia na tabasamu lile la pichani. Moshi wa jiko ulinuka nywele.

"Kaka," alisema kwa upole, "nani anayebisha hodi kwake mwenyewe?"