Makunyanzi ya Mama

Kila asubuhi Kufuli alijifungia bafuni kwa dakika mbili. Alifungua bomba, akalowesha mswaki, akaminya dawa ya meno kiduchu na kuipaka kwenye ulimi kwa ncha ya kidole. Kisha alisimama tu, akisikiliza maji yakienda zake. Mswaki wenyewe haukugusa jino hata moja.

"Umepiga mswaki?" mama aliuliza kutoka jikoni.

"Nimepiga, mama."

"Hebu nipulizie."

Akampulizia. Harufu ya dawa ya meno ilitoka safi kabisa, mama akaridhika na kumpa begi lake.

Kufuli ni jina alilopewa na wenzake wa darasani. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na muhula uliotangulia alikuwa mtu wa kucheka hadi mwalimu anamtoa nje apunge upepo. Sasa hata mtu akianguka na kiti mbele yake, alibana midomo na kutikisa mabega.

"Wewe Kufuli, funguo zako amemeza nani?" rafiki yake wa dawati moja alimtania kila siku.

Kufuli aliinamia daftari lake. Angejibuje bila kufungua kinywa? Jino lake moja la mbele lilikuwa na doa jeusi kama punje ya pilipili manga. Nyuma, kwenye gego la chini upande wa kushoto, palikuwa na tundu ambalo ncha ya ulimi iliingia na kutoka. Mambo yalianza siku alipoona damu kwenye mswaki. Alishtuka, akaacha kupiga mswaki, lakini peremende za njiani hakuziacha. Tundu lilipotokea, alijua fika kwamba dawa yake ni daktari wa meno. Ila binamu yake mkubwa alikuwa amemsimulia habari za daktari huyo: kwamba anakuwekea goti kifuani, anashika koleo, anavuta mpaka uone nyota mchana. Tangu hapo Kufuli aliapa kwamba siri ile haitatoka.

Mama yake alikuwa msusi. Saluni yao ilikuwa chumba kimoja chenye kioo kirefu, viti vitatu na mashine ya kukaushia nywele iliyonguruma kama inaumwa kifua. Wateja walikuwa wakisema hawaji kusuka tu, wanakuja kumsikia mama akicheka. Alikuwa akicheka mwili mzima, chanuo mkononi, hadi anayesukwa analalamika, "Dada, shikilia kichwa changu, utaning'oa!"

Siku moja mteja aliyekuwa akisubiri zamu alisoma kitu kwenye simu yake. "Jamani, sikieni haya. Eti kucheka sana kunaleta makunyanzi usoni."

"Basi mimi nimekwisha!" mama alisema, na wote wakaangua kicheko.

Kufuli alikuwa anafagia nywele sakafuni. Mama akamgeukia. "Na wewe mwanangu, mbona siku hizi hucheki? Kuna nini?"

Watu wote walimtazama. Gego lilikuwa linapiga kama ngoma, doa jeusi lilikuwa nyuma ya mdomo wa juu tu, na alitakiwa aseme neno. Akashika lililokuwa karibu.

"Sitaki kuwa na makunyanzi kama yako, mama."

 Mama alijitazama kwenye kioo. Kwenye pembe za macho palikuwa na mistari mitatu mitatu, na mingine miwili ilishuka toka puani hadi pembeni mwa mdomo. "Kumbe," alisema polepole, akarudi kusuka.

Kuanzia siku hiyo mama alicheka akiwa ameziba uso kwa kiganja. Baada ya wiki moja alitabasamu kidogo tu, midomo imefungwa. Baada ya wiki mbili hakucheka kabisa. Alinunua mkebe wa mafuta ya kupaka, na kila alipopata nafasi alisimama mbele ya kioo akiivuta ngozi ya mashavu kuelekea masikioni.

"Dada, kuna msiba?" wateja walimuuliza.

"Hakuna. Nimechoka tu."

Mashine ikawa ndiyo pekee inayosikika mle ndani. Kufuli alifagia, akakunja taulo, akaosha vitana, na kila alipomwona mama kwenye kioo alihisi kama kuta za chumba zinasogea. Angesema, "Mama, nilidanganya," mama angeuliza, "Ulidanganya kwa nini?" Hapo ingebidi aseme jino, na akisema jino, hapana tena pa kutokea isipokuwa mlango wa daktari. Akinyamaza, mama anazidi kunyauka. Kila upande aliogeukia palikuwa pamefungwa, na aliyefunga ni yeye mwenyewe.

Jino nalo halikumsubiri. Alianza kutafunia upande mmoja, kisha akawa anameza chakula bila kukitafuna. Alhamisi moja aliamka shavu la kushoto limevimba kama ameficha limau.

"Nimejigonga mlangoni," aliwahi kusema kabla hajaulizwa.

Bibi, mama mzazi wa mama yake, aliyekuwa akiishi nao, alimkazia macho. Bibi alikuwa amebakiwa na meno manne, midomo yake imeingia ndani na kuzungukwa na mikunjo kama mdomo wa mfuko uliofungwa kwa kamba. "Mlango gani huo," aliuliza, "unaopiga shavu ukaiacha pua?"

Kufuli alikimbilia shule. Lakini kufikia mchana hakuweza hata kuinua kichwa kwa maumivu. Mwalimu alimruhusu aondoke, naye akaenda moja kwa moja saluni. Hapakuwa na mteja. Mama alikuwa peke yake mbele ya kioo, machozi yanamtoka, mkononi ana mkebe wa mafuta uliokwisha.

"Wewe usijali," mama alisema haraka, akijifuta. "Ni kweli tu, mwanangu. Nimezeeka."

Maneno hayo yalimuuma Kufuli kuliko jino.

"Hujazeeka, mama! Makunyanzi yako hayana kosa lolote. Mimi ndiye mwongo." Akakaa kwenye kiti cha kusukia, akaegemeza kichwa nyuma na kufungua kinywa chote mbele ya kioo, doa, tundu na vyote alivyokuwa amevificha. "Nilikuwa naficha meno haya. Sipigi mswaki. Naogopa koleo."

Mama aliinama akatazama. Hakugomba. Alivua aproni, akafunga saluni saa nane mchana, akamshika mkono.

Daktari wa meno alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani, na hakuweka goti kifuani kwa mtu. Alitumia kioo kidogo chenye mpini, akapima, akatikisa kichwa. "Doa la mbele nitaliziba, halitaonekana. Hili gego limeoza hadi kwenye mzizi na lina usaha. Ungelileta miezi mitatu iliyopita, ningeliziba pia. Sasa litang'olewa, na mahali pake halitaota jingine."

Kufuli alilengwa na machozi, akaukumbuka mdomo wa bibi. "Kwani yanapotoka meno, uso unakuwaje?"

"Mfupa ulioshika jino hupungua taratibu. Likitoka moja, hutaona tofauti kubwa. Yakitoka mengi, mashavu na midomo hukosa kitu cha kuegemea, vinaingia ndani, na mikunjo inazidi kuuzunguka mdomo. Mtu anaonekana mzee kuliko umri wake."

Mama, aliyekuwa amesimama mlangoni, akauliza kwa sauti ya chini, "Na kucheka je, daktari?"

"Sitakudanganya. Ngozi inayokunjwa mahali pale pale miaka mingi inabaki na mistari, na jua na umri vinaongeza. Lakini mistari hiyo haiumi wala haihitaji dawa. Wewe una meno mazuri. Unayafungia ya nini?"

Mama akasogea, akamshika Kufuli mkono.

Sindano ya ganzi iliuma kama kuumwa na siafu, kisha nusu ya uso ikatoweka. Jino lilipotoka, Kufuli alikuwa bado anasubiri lianze kuvutwa. Kwenye korido alijipapasa mdomo, akamgeukia mama kwa hofu.

"Bama, bdomo wagu ubekweda wapi?"

Mama alijikaza. Akashindwa. Kicheko kilimtoka kwa nguvu mpaka akashika ukuta, mikono yote miwili ikiwa mbali na uso, na mistari yake yote ikajichora. Waliokuwa kwenye benchi wakaanza kucheka bila kujua wanacheka nini.

Nyumbani, bibi alimweka Kufuli karibu naye. "Sikiliza, mjukuu wangu. Nami niliogopa kama wewe. Jino la kwanza nililificha, nikaficha la pili, na la tatu, mpaka uso wangu ukawa huu unaouona. Siku ya kwanza ungesema, ungekaa kitini kwa muda mfupi tu. Umenyamaza, umepoteza jino, ukatunga uongo wa kuufunika, na uongo huo ukamnyamazisha mama yako asiye na kosa. Kinachokuuma kiseme kingali kidogo. Na meno yasafishwe yote, asubuhi na kabla ya kulala, siyo ulimi."

"Nimesikia, bibi." Kufuli akamtazama vizuri. "Bibi, mbona chai unainywea upande mmoja?"

Bibi akaweka kikombe chini. "Nani? Mimi?"

"Mama!" alisema mama, macho yamemtoka. "Lipi kati ya hayo manne?"

Bibi alitazama dirisha, akatazama mlango, akatazama mjukuu aliyevimba shavu. "Hili la pembeni," alikubali. "Nitakwenda wiki ijayo."

"Kesho," alisema Kufuli.

"Haya, kesho," bibi akasema. "Lakini na wewe twende. Unishike mkono."