Video ya Harusi ya Kibua

Mimi, Patient, Waziri Mkuu wa Kompyuta katika shule yetu ya bweni huku Masisi, natangaza kwamba nimelitumikia taifa kwa uaminifu. Kompyuta yenyewe ilikuwa moja, na wizara yangu ilikuwa kitambaa cha kufutia vumbi.

Kila Jumamosi, baada ya kufua, mwenzetu Carmel alikuja kutazama video ya baba yake akicheza kwenye harusi kule Kibua. Mwaka uliopita watu wenye bunduki walimuua wakachoma nyumba. Ilibaki video hiyo tu.

"Diski ngumu ya hii mashini iko na sahani inazunguka," mwalimu wetu, Mama Libérata, aliniambia. "Ikianguka, inakufa. Flashi haina kitu cha kuzunguka. Kopia byote mule."

"Ndiyo, Mama." Nikajaza flashi sinema za ngumi, nikaripoti kwamba kazi imekwisha.

Jumanne asubuhi bomu liliangukia jikoni. Mpishi wetu, Papa Munyakazi, alitoka mkono ukining'inia kwa ngozi, damu ikimwagikia maharage. Risasi zilipasua madirisha. Nilibeba kompyuta nikakimbia, nikateleza mteremkoni, nayo ikabingirika hadi kwenye mawe.

Tulikimbilia Mweso, tukapewa ukumbi wa kanisa. Mama Libérata aliazima kompyuta nyingine akaunganisha diski yetu. Ilikwaruza kama meno yanayosagwa, ikanyamaza. Akachomeka flashi. Kwenye kioo mwanamume alimpiga mwenzake teke la shingo.

"Papa yangu iko wapi?" Carmel aliuliza.

Aliyeazima flashi mara ya mwisho alikuwa Noël, tunayelala naye bweni moja, na wote wakadhani ndiye aliyefuta video. Carmel alimrukia, akampiga kwa kiatu mpaka pua ikapasuka. Mimi, Waziri Mkuu, nilitazama dari.

"Muulizeni Patient," Noël alisema akitema damu. "Ile video anatuonyeshaga mu bweni, inatoka wapi?"

Mama Libérata alininyooshea kiganja. Nikachomoa kadi memori kwenye simu yangu. Muda si mrefu baba yake Carmel akatokea, amejifunga kitenge kichwani, akicheza.

"Kitu cha maana kinawekwa fasi mbili, hapa na pale," Mama Libérata alisema. "Na muntu akikutumaini, usimufanyie muchezo. Sasa sema mwenyewe, Noël asikie."

Nikasimama. "Flashi, ni mimi nilijaza ngumi. Video niliiba ili tumucheke papa ya Carmel. Noël hakufanya kitu."

Carmel alimfuta Noël damu kwa ukingo wa sketi yake, kisha akanigeukia.

"Na mulicheka?"

"Sana."

"Hata mie nachekaga," alisema. "Kopia kwanza. Kisha uweke tena, tuitazame."