Kivuli Juu ya Mikono

"Odile, mikono iko wapi?" Corinne aliuliza, ameushika ukurasa.

Odile hakuinua kichwa. Aliendelea kuosha brashi kwenye sinki la chumba chao katika mtaa wa Queens, maji yakitoka meusi.

Wanawake hao wawili walifanya kazi pamoja. Corinne alichora kurasa za katuni kwa penseli, Odile akapitisha wino juu yake. Hadithi yao ilihusu watu waliozaliwa na mwanga viganjani, wakalazimishwa na sheria kuvaa glavu maisha yao yote. Katika ukurasa wa mwisho, shujaa wao wa kike, Vesta, anavua glavu stesheni mbele ya watu, anamshika mkono Ilka, mwanamke anayempenda. Sasa penye mikono palikuwa na kivuli kizito tu.

"Ni Haskell, sivyo? Mhariri kakuambia uizibe."

Corinne akanyanyua simu.

"Bwana Haskell, kwa nini umeificha mikono niliyoichora?"

"Mimi? Ukurasa niliupitisha ukiwa wa penseli, na mikono niliipenda. Tarishi anakuja kuuchukua saa tisa."

Corinne akarudisha simu taratibu.

"Kumbe ni wewe."

"Mama ananunua kila toleo, Cori. Anawaonyesha wenzake wa kanisani, kule Ohio."

"Waache waone. Watasema ni watu wa viganja vya taa, basi."

"Ilka umempa uso wangu. Pua yangu, hata kovu la kidevuni. Mama atanijua. Uliniuliza?"

Corinne akakaa kitini. Hakuwa amemuuliza.

"Nisamehe. Nilichora ninachokipenda. Lakini kwenu mimi ni mpangaji mwenzako, Odi. Kila Krismasi unapanda basi, mimi nabaki na supu ya kopo. Nikasema, angalau kwenye karatasi unishike mkono. Na huko ukanizima."

"Niliogopa."

"Najua. Nitamchora Ilka uso mwingine. Ila nami nitahama. Sina hasira, nimechoka tu kufichwa."

Odile akachukua wembe. Corinne akadhani anataka kuukata ukurasa, akanyoosha mkono kumzuia.

"Uso uache," Odile akasema.

Akainama, akaanza kuukwangua wino uliokauka, kidogo kidogo, unga mweusi ukimwangukia mapajani. Karatasi ikachubuka. Kidole kimoja kikatokea, kisha vingine. Alipomaliza akapiga simu mwenyewe.

"Mama, ni mimi. Hapana, siumwi. Toleo lijalo utaniona humo, nimemshika mwanamke mkono. Ni Corinne. Si mpangaji mwenzangu, mama. Nampenda."

Mama akauliza tu:

"Yupo hapo?"

"Yupo."

"Mpe simu."

Corinne akapokea.

"Habari za mchana, mama."

Mama alikuwa analia, lakini kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka kusikika jikoni kwake.

"Huyo mtoto akiogopa huwa hali chakula," akasema. "Leo amekula?"

"Bado, mama."

"Mlishe kwanza. Hayo mengine nipeni muda."